Steringi amezeeka, na adui amepata jina

Kwa waliokua miaka ya sabini na themanini, sinema ya kauboi ilikuwa na kanuni moja isiyovunjwa: steringi hafi. Alipanda farasi, akapigwa risasi ya bega, akaanguka, akainuka, na kabla taa hazijawashwa adui wote walikuwa wamelala chini. Hakuna aliyeuliza kama adui hao walikuwa na wake na watoto. Kisha kauboi akapotea. Vijana wakahamia kwa Bruce Lee, wakaenda kwa Rambo, wakapita kwa Wahindi wa Bombay, halafu Wanigeria, halafu Wakorea. Kofia pana ikabaki kwenye picha za studio ambazo baba na wajomba walipigwa enzi hizo, mguu mmoja juu ya kigoda, uso umekunjwa kana kwamba wanadaiwa.

Sasa amerudi, ila hakupitia mlango ule ule. Amerudi akiwa mtu mzima, kwenye tamthilia za gharama kubwa, zenye mavazi yaliyoshonwa kwa kufuata picha za zamani, maneno machache, na watu wanaogombana mezani kuhusu ardhi. Yellowstone, iliyoanza 2018 na kumalizika Desemba 2024, inahusu familia ya wafugaji wa Montana ya leo. Imezaa nyingine mbili za zamani zaidi: 1883, iliyoanza kuonyeshwa Desemba 2021, na 1923, iliyofuata mwaka mmoja baadaye ikiwa na wakongwe Harrison Ford na Helen Mirren. Huku kwetu watu wanazipata kwa bando, kwa flashi, kwa rafiki wa rafiki. Zinaangaliwa sebuleni, na mara nyingi wazazi na watoto wanaziangalia pamoja. Hiyo ndiyo sababu zinastahili nafasi kwenye ukurasa huu.

Ichukuliwe 1883. Baba na mama wa familia ile wanaigizwa na Tim McGraw na Faith Hill, waimbaji ambao ni mume na mke hata kamera zikizimwa, na inaonekana: wanavyonuniana hakuhitaji mafunzo. Familia inasafiri kwa mkokoteni kwenda kutafuta ardhi, na msimulizi ni binti yao. Asiyetaka kujua mwisho aruke mistari michache inayofuata. Binti anakufa. Steringi mwenyewe, mwenye sauti tunayoisikia tangu mwanzo, anakufa kwa mshale, na baba anaahidi kwamba pale atakapozikwa ndipo familia itakapojenga. Mzee wa kabila la Crow anawaelekeza bonde zuri, lakini kwa onyo: baada ya vizazi saba watu wake watalidai.

Mtanzania yeyote aliyewahi kukaa kwenye baraza la ardhi la kijiji analielewa jambo hilo bila kufafanuliwa. Kaburi ni ushahidi. “Hapa amelala bibi yetu” ni hoja nzito kuliko bikoni. Na tatizo la makaburi pia linajulikana: mara nyingi chini ya kaburi la huyu kuna kaburi la mwingine aliyetangulia.

JEKE WA LUANSHYA

Watu wa Songwe wana uhusiano wa zamani na kofia ile kuliko watoto wao wanavyodhani. Kauboi wa huku hakuja kwa njia ya Dar es Salaam. Alipita Tunduma. Wanaume wa Kinyamwanga, Kinyiha, Kindali na Kinyakyusa walivuka kwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia Kaskazini, Zambia ya leo: Luanshya, Kitwe, Mufulira, Chingola. Kwenye makambi ya wafanyakazi kulikuwa na sinema za jioni, nje, na umati ulikuwa mkubwa, wanaume kwa wanawake na watoto tele. Filamu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya kauboi. Steringi wake, awe nani, aliitwa Jeke, kutokana na jina Jack, na uwanja mzima ulimpigia kelele za kumwonya adui alipojificha nyuma ya jiwe. Watoto walizunguka kambini na kofia za karatasi na bunduki za mbao. Wakubwa wa serikali ya kikoloni walikuwa na wasiwasi na mambo hayo, hivyo filamu zilikaguliwa na kukatwa vipande kabla Waafrika hawajaonyeshwa.

Jambo hilo halikuwa la Shaba peke yake. Léopoldville, Kinshasa ya leo, miaka ya 1950 vijana wa mitaani walijiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill. Walivaa jinzi na skafu shingoni, wakagawana mitaa, wakawa na lugha yao waliyoiita Hindubill. Walikuwa wakorofi, na wasichana wa mitaa ile waliteseka nao. Si jambo la kulipamba. Padri mmoja Mbelgiji aliyejaribu kuwavuta kwenye michezo na kazi za mikono alipewa jina la Père Buffalo, yaani Padri Buffalo. Ukitaka kuongea na kijana, wakati mwingine inabidi kwanza ukubali kuitwa kwa lugha yake.

Mbangala, wilayani Songwe, yuko mzee wa miaka themanini na kitu ambaye hapa ataitwa Babu tu, kwa kuwa ndivyo mtaa mzima unavyomwita. Alikulia Luanshya, baba yake akiwa chini ya ardhi zamu ya usiku. Wajukuu wake wameisikia hadithi yake ya Jeke mpaka wanaweza kuimalizia. Kila alasiri watoto wa kambi walicheza kauboi. Wote walitaka kuwa Jeke, na kwa kuwa haiwezekani wote kuwa Jeke, wadogo walilazimishwa kuwa Wahindi Wekundu. Yeye alikuwa mdogo kuliko wote.

“Nilikufa kila siku,” husema, “mpaka tuliporudi Tanganyika.”

Wajukuu hucheka hapo. Ni kichekesho chake, na anakipenda. Lakini siku aliyoona filamu moja ya hawa makauboi wapya, Babu hakukirudia, na itaelezwa kwa nini.

KWA NINI SASA

Wapo wanaosema kauboi amerudi kwa sababu Wamarekani wenye umri mkubwa ndio wenye pesa ya kulipia ving'amuzi. Ni kweli kwa sehemu. Wafanyabiashara wa filamu si watu wa kutoa sadaka. Lakini hilo halielezi kwa nini hadithi zenyewe zimegeuka. Mabadiliko yalianza kitambo: Dances With Wolves ya 1990 na Unforgiven ya 1992 zote zilitwaa Oscar ya filamu bora, moja kwa kumsogeza mzungu akae na Wahindi Wekundu na kujifunza lugha yao, nyingine kwa kumwonyesha muuaji mzee anayetetemeka na kuanguka kutoka kwenye farasi. Mwaka 2022 Jane Campion, mwanamke wa New Zealand, alipata Oscar ya uongozaji kwa The Power of the Dog, filamu ya kauboi ambayo ndani yake karibu hakuna anayefyatua risasi. Kinachoua ni maneno ya kaka kwa shemeji yake, ndani ya nyumba moja. Wanaojua maisha ya ukweni wataitazama kwa uchungu.

Wengine waliokuwa wamefutwa wamerudishwa. Wanahistoria wanakadiria kwamba karibu mchunga ng'ombe mmoja kati ya wanne wa Magharibi ya zamani alikuwa mtu mweusi, lakini mtoto wa Luanshya asingeweza kulijua hilo kwa kutazama sinema. Mwaka 2021 ikatoka The Harder They Fall, ambamo Idris Elba na wenzake wanaigiza watu weusi wa kweli wa enzi zile, ingawa matukio yake ni ya kubuni. Mwaka 2023 David Oyelowo, Mwingereza mwenye asili ya Nigeria, akamwigiza Bass Reeves, aliyezaliwa mtumwa Arkansas mwaka 1838 na baadaye akawa afisa wa polisi wa serikali kuu, maarufu kwa kukamata wahalifu kwa maelfu. Ile ya kwanza ina mbwembwe nyingi kuliko moyo. Ya pili ni ya taratibu, na inafaa kuangaliwa na kijana anayejiuliza kama mtu anaweza kushika sheria iliyotungwa na waliomtumikisha.

Tamthilia ya 1923 nayo ina sura mbili, na haziko sawa. Upande mmoja inamleta kijana wa familia ile Kenya, kuwinda simba na chui wanaokula watu ili asahau vita. Hapo ni hadithi ya zamani ile ile: Afrika ni kichaka cha mzungu kuponea majonzi, na Waafrika ni watu wa kumbebea mizigo na kuliwa kabla yake. Upande wa pili inamfuata binti wa kabila la asili aliyepelekwa shule ya bweni ya kidini, anapigwa kwa kuongea lugha ya nyumbani. Sehemu hiyo ni ngumu kuangalia na haikutiwa chumvi. Ripoti ya serikali ya Marekani ya Julai 2024 ilithibitisha vifo vya watoto wasiopungua 973 kwenye shule za aina hiyo, na Oktoba mwaka huo Rais Biden aliomba radhi hadharani. Wazazi wa huku, ambao wengi wamesomeshwa kwa kiboko cha “usiongee kilugha”, wanaijua njia ile, japo walitembea hatua chache tu.

MAFUTA YA MKE

Filamu inayostahili kukaliwa kwa muda mrefu ni Killers of the Flower Moon ya Martin Scorsese, ya mwaka 2023. Ina saa tatu na dakika ishirini na sita. Haina farasi wengi, magari yamekwishafika, lakini ni kauboi kwa kila kitu kingine: kofia, bastola, mji mdogo wa vumbi, na utajiri chini ya ardhi.

Kisa chake ni cha kweli. Watu wa kabila la Osage walifukuzwa huku na huko mpaka wakanunua ardhi kavu huko Oklahoma, ardhi ambayo hakuna mzungu aliyeitaka. Kisha yakaonekana mafuta. Waosage walikuwa wamesisitiza kwamba kilicho chini ya ardhi kibaki mali ya kabila zima, na kila mmoja wa watu 2,229 walioandikwa kwenye daftari akawa na fungu lake la mapato. Fungu hilo halikuuzwa kirahisi. Liliweza kurithiwa. Na hapo ndipo uovu ulipopata mlango.

Serikali iliamua kwamba Waosage wengi hawana uwezo wa kusimamia pesa zao wenyewe, ikawawekea walezi wa mali, wengi wao wazungu wa mjini pale pale: mwanasheria, mwenye duka, mwenye benki. Mwanamke mzima, mwenye pesa kuliko mji mzima, alilazimika kumwomba mlezi wake pesa ya matibabu na kueleza anaumwa nini. Mollie Burkhart alikuwa mmoja wao. Aliolewa na Ernest, dereva, mzungu mcheshi asiye na kazi ya maana. Dada yake mmoja, Minnie, alikufa 1918 kwa ugonjwa usioeleweka. Anna alipigwa risasi Mei 1921. Mama yao alifariki miezi miwili baadaye. Machi 1923 nyumba ya dada mwingine, Rita, ililipuliwa kwa bomu naye akafa pamoja na mumewe. Kila kifo kilisogeza mafungu kuelekea kwa Mollie, na kwa Mollie yalikuwa hatua moja tu kufika kwa mumewe. Nyuma ya yote alikuwa mjomba wa Ernest, William Hale, aliyeongea Kiosage, aliyechangia misiba, aliyeitwa rafiki wa kabila. Mollie mwenyewe, mgonjwa wa kisukari, alikuwa akizidi kudhoofika kwa dawa alizopewa nyumbani.

Kitabu cha David Grann cha 2017 kilichozaa filamu hiyo kimefuata sana wapelelezi waliokuja kutoka Washington. Leonardo DiCaprio mwanzoni alikuwa aigize mpelelezi mkuu. Wakabadilisha. Akapewa kuwa Ernest, mume, na hadithi ikahama kutoka kwa sherifu ikaingia chumbani. Ndiyo hatua bora iliyochukuliwa na mtengenezaji yeyote wa filamu za kauboi kwa miaka mingi, maana sherifu tumemwona vya kutosha. Ambaye hatukumwona ni mume anayempenda mke wake kweli, anayewabeba watoto, na usiku anamchoma sindano asiyothubutu kujiuliza ina nini. Lily Gladstone, anayemwigiza Mollie, hasemi mengi. Anatazama. Alipata tuzo ya Golden Globe Januari 2024. Kwenye Oscar filamu ilitajwa mara kumi na ikarudi mikono mitupu.

USIKU WA BETRI MOJA

Mbangala si kijiji kisichojua dhahabu. Ukanda wote wa Lupa, kuanzia Chunya hadi Saza, ulipata homa yake tangu miaka ya 1920, na miaka ya 1930 walimiminika wachimbaji wa Kizungu kwa mamia na vibarua wa Kiafrika kwa maelfu, vijana waliokwenda kutafuta pesa ya kodi na ya mahari. Mgodi wa New Saza ulifanya kazi kuanzia 1939 hadi 1956 na ulikuwa kati ya migodi mikubwa ya dhahabu nchini. Tangu 2012 kuna mgodi mkubwa wa kisasa wa New Luika, na kuuzunguka kuna wachimbaji wadogo, maduara, makarasha, mama lishe, bodaboda, na mabanda ya video yanayopiga filamu zilizotafsiriwa. Huko kwenye mabanda filamu ni ya mtafsiri kuliko ya mwongozaji. Tangu enzi za Lufufu, aliyewafanya Watanzania wasikie Hollywood ikiongea Kiswahili cha mtaani, mtafsiri huongeza utani wake, huwapa adui majina ya wanasiasa na hueleza lisilokuwepo. Inachekesha sana. Lakini filamu ya kimya kama hii ya Mollie ingekufa mikononi mwake.

Kwa Babu iliingia kwa flashi, imeletwa na mjukuu wake aliyepo likizo kutoka shule ya bweni, kidato cha pili. Kijana alidhani ni ya mapigano. Walikaa Babu, kijana, dada zake wawili wadogo, na mama yao, mkwe wa Babu, ambaye mumewe alifariki miaka minne iliyopita. Betri ya sola ilizima kwenye saa ya pili, wakamalizia kesho yake. Wadogo walilala mapema, na ilikuwa heri, kwa sababu mlipuko wa nyumba si picha ya mtoto wa darasa la tatu. Bodi ya Filamu huweka madaraja ya umri, lakini flashi haina daraja. Daraja ni mtu mzima aliyekaa pale.

Kijana alikuwa akifasiri maneno ya Kiingereza kwa kadiri alivyoweza. Alipofika kwenye neno la yule mlezi wa mali, akakwama.

“Babu, huyu tumwite nani? Kama mdhamini?”

Babu akafikiri. Mama ndiye aliyejibu, bila kugeuka kutoka kwenye runinga.

“Msimamizi wa mirathi.”

Hapakuwa na aliyesema kitu kwa muda. Katika nyumba ile neno hilo lina mtu wake. Baada ya mazishi, kikao cha ukoo kilimteua mdogo wa marehemu kuwa msimamizi, kama inavyofanyika nyumba nyingi, na mahakama ya mwanzo ikamthibitisha. Ni mtu mwema, anayelipa ada, anayekuja na sukari. Lakini shamba la marehemu, ekari nne za mahindi na ufuta, liko upande ambao mwaka jana palitokea rashi, na wachimbaji wamesogea mpaka kwenye mpaka wake. Tangu hapo shemeji amekuwa na haraka. Kuna mnunuzi Tunduma, amesema. Anataka kuchukua leseni. Bei ni nzuri. Shemeji asaini tu kwa niaba ya wote, maana mama hana haja ya kusumbuka na safari za ofisini.

Hakuna anayemtuhumu kwa lolote baya kuliko haraka. Hapa si Oklahoma, na kulinganisha kila ndugu anayesimamia mali na William Hale ni dhambi. Wapo wasimamizi waliosomesha watoto wa marehemu mpaka chuo kikuu na kuwakabidhi nyumba ikiwa imepakwa rangi. Ila filamu ilikuwa imewaonyesha jinsi mtu anavyoweza kupokonywa kwa upole, na kitanzi kikawa ni huruma yenyewe: usisumbuke, nitakusainia.

Ndipo Babu akaongea, na hakusema ile ya kufa kila siku. Aliuliza hawa Waosage ndio wale wale. Wale wa sinema ya Luanshya, waliokuwa wakipiga makelele na kuanguka kutoka milimani. Kijana akamwambia ndiyo, ni makabila mengi, lakini ndio wale wale.

“Kumbe walikuwa na mama zao,” akasema Babu.

Baadaye mama alimfuata barazani. Kwa heshima, kama mkwe anavyomwendea baba mkwe, alikaa chini kwenye mkeka kwanza, akaongea habari za mvua, habari za mbuzi, halafu: “Baba, karatasi za shamba ziko kwa nani?”

Swali hilo lina majibu ya kisheria ambayo wajane wengi wa vijijini hawayajui, na si kwa sababu ni siri. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi, na hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina zaidi ya moja. Msimamizi wa mirathi si mrithi. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kuwagawia warithi, na kurudisha hesabu mahakamani. Akimaliza, usimamizi wake umekwisha. Wengi hawamalizi. Si lazima wawe wezi. Hakuna tu anayewauliza, na mwaka unapita, na mwingine. Mjane au mtoto anaweza kwenda mahakama ile ile iliyomteua na kuomba hesabu, na mahakama inaweza kumwondoa msimamizi asiyewajibika. Kuhusu dhahabu, leseni ni kitu kimoja na shamba ni kingine: leseni ndogo ya uchimbaji hupewa Mtanzania kwa miaka saba, lakini haimfanyi kuwa mwenye mahindi, na anayetaka kuchimba kwenye shamba la mtu hana budi kuelewana na mwenye shamba na kumlipa fidia. Aliyeuza moja kwa moja kwa bei nzuri ameuza vyote viwili kwa bei ya mahindi.

Waosage walichelewa, lakini waliipata sheria yao. Mwaka 1925 Bunge la Marekani lilizuia mtu asiye Mosage kurithi fungu la Mosage mwenye nusu ya damu au zaidi. Ernest alikiri na kufungwa; Hale alihukumiwa kifungo cha maisha 1929, akaachiwa 1947. Mollie alimtaliki mumewe na akafariki 1937. Filamu haimpi kisasi. Hakuna risasi ya mwisho barabarani. Anamuuliza mumewe swali moja kuhusu ile sindano, anasikia jibu la uongo, anainuka na kuondoka. Kijana wa kidato cha pili alilalamika kwamba mwisho ni mbovu, steringi hajafanya kitu. Mama yake alimwambia airudishe nyuma sehemu hiyo aitazame tena.

Babu amemwita mwanawe, shemeji, akaongea naye wawili, mlango umefungwa. Waliyoyasema hayajulikani, ila shemeji alitoka akiwa amenyamaza na alikubali chai. Kikao cha ukoo kimepangwa Jumapili ya pili ya mwezi ujao, baada ya ibada, na ameombwa aje na daftari. Amesema atakuja. Mnunuzi wa Tunduma naye amempigia simu mama mara tatu, na mara zote tatu amejibiwa kwamba mwenye shamba ana miaka kumi na mitano na yuko shule.